UZI: Mbao ngumu za Tanzania na za Msumbiji. Miti ile ile, mnunuzi yule yule, mbona biashara haikufanana?

FundiWaLangoni:

Assalamu aleikum wana Amu (Lamu), na wapwani wote mnaopita humu.

Nimechoka kujibu swali moja karakanani, bora nilijibu hapa, kisha kila atakayeuliza nimtumie uzi asome mwenyewe. Swali ni hili: mbona mlango wa mbambakofi bei yake haishikiki? Watu hudhani ni tamaa ya fundi. Fundi kazi yake nakshi tu. Bei imeshaamuliwa kusini huko, baina ya Rufiji na Zambezi, kabla mbao haijapakiwa.

Tuzitazame nchi mbili hizo, Tanzania na Msumbiji. Mto Ruvuma wanagawana na miti wanagawana. Mbambakofi yetu sisi ndiyo mkongo wa Mtanzania, na ndiyo chanfuta ya Msumbiji. Mninga kule ni umbila, mpingo ni pau preto, mpangapanga ni jambirre. Na kwa miaka ishirini na ushei mnunuzi mkubwa wa zote ni mmoja, Mchina.

Huyu mnunuzi alikuja kwa sababu. Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika ukaua maelfu ya watu, na serikali ya China ikaona chanzo kimojawapo ni misitu iliyokatwa kule juu mtoni. Ikapiga marufuku kukata misitu ya asili katika sehemu kubwa ya nchi. Lakini viwanda vya fanicha havikufungwa, vikaanza kutafuta magogo nje. Mwaka 2000 wakatoa orodha yao rasmi ya hongmu, yaani miti ya fanicha za kifahari, na mpingo umo ndani yake. Kuanzia hapo, mti ambao mchonga vinyago wa Kimakonde alikuwa akiugombania na mtengeneza klarineti wa Ulaya ukapata mgombaniaji wa tatu mwenye mfuko mrefu kuliko wote wawili.

Tanzania misitu yake ya kusini ilikuwa imelindwa na mto. Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na masika yakishika, Kilwa na Liwale ni kama kisiwa. Agosti 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, urefu wake karibu kilomita moja, na malori yakapita mchana na usiku. Mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku kuuza magogo nje. Mwaka 2006 ikasimamisha hata uvunaji wenyewe. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya viumbe pori, likatoa ripoti juu ya miaka hiyo, na mambo mawili ndani yake hayanitoki kichwani. La kwanza, kuna halmashauri zilizokuwa zikipoteza hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao zilizostahili kupata. La pili, vitabu vya forodha vya China vilionyesha mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile ambazo Tanzania yenyewe iliandika kuwa imeipelekea China. Mara kumi!

Msumbiji misitu ililindwa na balaa zaidi, vita. Tangu 1977 mpaka mkataba wa Roma wa Oktoba 1992 hakuna aliyethubutu kuingia porini na msumeno. Amani ilipokuja, sheria ya misitu ikatungwa 1999, ikaweka milango miwili. Mmoja ni konsesheni: unapewa eneo hadi miaka 50, lakini uwe na mpango wa uvunaji na kiwanda. Wa pili ni leseni ndogo: ya raia tu, kiwango chake mita za ujazo 500 kwa mwaka, masharti mepesi. Mnajua watu walipita wapi. Raia anatoa jina, mgeni anatoa mafuta, msumeno na lori. Na ingawa magogo ya daraja la kwanza yalitakiwa yapasuliwe nchini kwanza, yalitoka mazima. Shirika la EIA, wachunguzi wa uhalifu wa mazingira, lilipolinganisha vitabu vya mwaka 2012 likakuta karibu nusu ya mbao za Msumbiji zilizopokelewa China zilitoka bila njia halali. Mwaka uliofuata, likasema, asilimia 93 ya ukataji wote nchini ulikuwa haramu. Ndipo Januari 2017 Msumbiji ikafunga kabisa kuuza magogo, ya daraja lolote, na miezi miwili baadaye ikaingia kwenye maghala ya mbao kwa kishindo, operesheni waliyoiita Tronco, yaani gogo kwa Kireno.

Haya, marufuku mnaziona. Zinafanana, moja imetangulia nyingine miaka kumi na mitatu. Kwa hiyo mimi sikubali ukiniambia marufuku ndiyo iliyoleta tofauti. Tofauti naiona kwenye kisiki: mti ukianguka, pesa ya kwanza inaingia mfuko wa nani? Sheria ya Misitu ya Tanzania ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji, kikiuza mti mrabaha wote ni wake. Msumbiji ardhi na msitu ni vya dola, jamii inayoishi pale inatengewa asilimia 20 ya ushuru, tena ikifika. Mwenye asilimia 20 hasumbuki kukimbiza lori usiku.

Karibuni mnipinge.

---

Bint_Mkomani:

Nimesoma mpaka chini nikitafuta mahali pa punguzo. Sijapaona 😂

---

Nahodha_Mstaafu:

Mwanangu umeandika vizuri, ila marufuku sisi Amu hatukuzijua kwa kusoma ripoti.

Kabla ya hizo kontena zenu, mbao ya pwani hii iliyokuwa ikienda ng'ambo ni boriti, miti ya mikoko. Jahazi linakuja na kaskazi kutoka Arabuni, limebeba tende, chumvi, mazulia. Linaingia mikondo ya Amu au linashuka mpaka delta ya Rufiji, linajaza boriti, linasubiri kusi lirudi. Nyumba za Kuwait na Bahrain za zamani ukitazama dari zake utaona mikoko ya huku. Upana wa vyumba vya Waarabu wale na upana wa vyumba vyetu vya mawe unafanana kwa sababu hiyo hiyo, boriti haiendi zaidi ya pale. Tulihesabu kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hakuna aliyehitaji mita za ujazo.

Kisha mafuta yakaja Ghuba, wakaanza kujenga kwa saruji na chuma. Soko likapungua lenyewe. Na hicho kidogo kilichobaki serikali ya Kenya ikakifunga 1982, boriti hairuhusiwi kwenda nje. Sasa nakuuliza wewe unayesema habari ya kisiki: mkata mikoko wa Amu alikuwa na kisiki gani? Msitu wa serikali, kibali cha serikali, marufuku ya serikali. Kaunti hii ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na 2018 walipofunga misitu nchi nzima kwa sababu ya mito ya bara iliyokauka, na sisi wa maji ya chumvi tukafungiwa pamoja nao. Mkoko na chemchemi ya msitu wa Mau huko bara wapi na wapi?

---

FundiWaLangoni:

@Nahodha_Mstaafu ami, hapo umenisaidia hoja yangu wala hukuipinga. Marufuku ya 1982 haikumpa mkata boriti kitu cha kulinda. Ilimwambia tu asiuze.

---

KijanaWaLindi:

Kaka fundi, nakuheshimu, lakini sisi wa kusini ya Tanzania tukisoma hii tunacheka kidogo. Unatupamba.

Ni kweli sheria ya 2002 ipo na ni nzuri. Ni kweli Kilwa kuna vijiji vilivyofanya kazi ya kuigwa. Mwaka 2009 mradi wa uhifadhi wa mpingo wa Kilwa ulipata cheti cha FSC, cha msitu unaovunwa kwa utaratibu mzuri, kwa misitu ya vijiji, cha kwanza cha aina hiyo Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji, na wanakijiji wa Kikole wakauza mpingo wao kwa bei ambayo hawajawahi kuiona. Zamani gogo lilikuwa likiondoka kijijini kwa pesa ya sukari. Sawa.

Lakini vijiji vyenye msitu uliotengwa na kupimwa, wenye mpango wa uvunaji ulioidhinishwa, ni vichache ukilinganisha na msitu wote uliopo. Kupima msitu ni gharama, mpango unaandikwa na wataalamu, mihuri inatoka wilayani. Msitu uliobaki ni ule wa "ardhi ya jumla", na huko mwenye nguvu ni mwenye kibali na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Hati moja ilikuwa ikisafirisha malori matatu.

Mimi nasema sababu kubwa ya Tanzania kuonekana safi ni kwamba miti minene iliondoka mapema. Daraja 2003, fujo 2004 mpaka 2006, na baada ya hapo mninga na mkongo wa kupasuliwa mbao pana unaufuata mbali sana. Msumbiji walikuwa bado na akiba. Mnunuzi alihama, hakutubu.

Na alipohama hakwenda mbali. Mwaka 2010 Daraja la Umoja likafunguliwa juu ya Ruvuma. Mbao hazina pasipoti. Gogo lililoangushwa Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, likishavuka, nani wa kulitambua kama si la Tunduru kwetu Tanzania?

---

Bint_Mkomani:

"Mnunuzi alihama, hakutubu." Hii naiandika ukutani.

---

Mwani_wa_Ibo:

Salamu zenu. Mimi ni Mwani, kwetu ni visiwa vya Quirimbas, kaskazini mwa Msumbiji, na Kimwani chetu na Kiamu chenu vina maneno mengi ya pamoja. Niko huku pwani ya Kenya kwa sababu mnazozijua.

Fundi amesimulia mpaka 2017 akaacha. Mwaka huo huo wa marufuku, Oktoba, Mocímboa da Praia ikashambuliwa. Sasa fikirini, serikali imefunga magogo Januari, na ilipofika mwisho wa mwaka kaskazini nzima ya Cabo Delgado imeanza kutoka mikononi mwake. Nani akague lori? Askari wa misitu aliyekuwa na pikipiki moja na wilaya nzima ameshakimbia na familia yake.

Magogo hayakusimama. EIA walitoa ripoti nyingine 2024, wanasema tangu marufuku ianze, zaidi ya tani milioni 3 za mbao ghafi zilifika China kutoka Msumbiji, sehemu kubwa magogo yaliyopigwa marufuku, na baadhi yanatoka kwenye maeneo ya vita. Zinapita bandarini, kwenye kontena, na karatasi imeandikwa mbao za kupasuliwa.

Hiyo asilimia 20 niliyoisikia hapa, katika kijiji cha mama yangu ilifika mara chache, na ilipofika ilikuwa imechelewa kiasi kwamba mti wenyewe watu wamesahau ulikuwa wapi. Simlaumu mtu kwa jina. Lakini kijana wa miaka kumi na minane anayeona malori yakipita mlangoni kwao na magogo ya babu yake, na yeye hana hata kazi ya kupakia, mnadhani anafikiria nini? Wanaojadili vita vya Cabo Delgado wanataja gesi na rubi za Montepuez. Mbao zilitangulia.

---

Nahodha_Mstaafu:

Pole sana mwanangu. Karibu Amu, hapa ni kwenu.

---

Mpiga_Hesabu:

Niingie kwa upande wa takwimu, maana watu wanazitupa kama kokwa.

Hii njia ya kulinganisha vitabu vya anayeuza na vya anayenunua ni nzuri, lakini pengo halimaanishi wizi mtupu. Meli ikipakia Desemba na kufika Februari, nchi moja itaandika mwaka huu na nyingine mwaka ujao. Bandari ya Dar inapitisha mbao za Zambia na Kongo. Karani wa forodha wa upande wa pili akiandika "Tanzania" kwa sababu ndiyo bandari aliyoiona, Tanzania inabebeshwa mzigo usio wake. Kuna anayepima kwa tani na anayepima kwa mita za ujazo, na mpingo ni mzito kuliko maji, mita moja ya ujazo inapita tani moja. Ukitumia kipimo cha mti mwepesi kugeuza tani kuwa ujazo, umeshaongeza mbao ambazo hazikuwepo.

Hata hivyo, hitilafu za namna hiyo zinakupa pengo la asilimia kumi, ishirini, thelathini tuseme. Hazikupi mara kumi. Mara kumi ni ufisadi, tusizungushane.

Jingine ambalo hamjaligusa: Tanzania ya leo mbao ngumu inazouza nje kwa wingi ni msaji, mtiki wa kupandwa. Wajerumani ndio walioanza kuupanda, leo kuna mashamba ya serikali ya Longuza na Mtibwa, na kuna kampuni ya Kilombero iliyoanza 1992 ikapanda karibu hekta 8,000. Mnunuzi wake mkuu ni India. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mchoro wa "mbao ngumu za Tanzania" ukipanda, na wa Msumbiji ukipanda, anakuonyesha vitu viwili tofauti. Mmoja anauza alichopanda, mwingine anauza alichokikuta. Hiyo kwangu ndiyo tofauti kubwa, kubwa kuliko ya kisiki. Msumbiji hawakuwahi kuwa na msaji wa kiasi hicho wa kupunguzia shinikizo msitu wa asili.

---

FundiWaLangoni:

Hii ya msaji naipokea, na inaongeza utamu, kwa sababu zamani njia ilikuwa kinyume. Msaji ulikuwa ukija huku kutoka Malabar, majahazi makubwa yote yalitaka msaji wa India. Leo mbegu zimekulia Tanzania na Mhindi ndiye mnunuzi.

Lakini @Mpiga_Hesabu, msaji hauokoi mninga. Mteja wa mninga na mpingo hataki msaji. Yule wa hongmu anataka rangi na uzito, ukimpa mti wa shamba wa miaka 25 anakurudishia. Kwa hiyo shamba linaongeza pesa ya nchi bila kupunguza njaa ya mti wa asili hata kidogo.

Na @KijanaWaLindi, tuseme una haki kwamba miti minene iliisha kwanza. Mbona basi kwenye vile vijiji vichache vyenye msitu wao bado ipo? Wewe mwenyewe umevitaja. Msitu ule ule, barabara ile ile, mnunuzi yule yule, na pale umesimama. Uchache wa vijiji ni lawama kwa serikali iliyochelewa kupima misitu, si dosari ya mpango wenyewe.

---

KijanaWaLindi:

Hapo kaka umenibana. Ila niongeze: bado kijiji kinategemea mnunuzi aliye tayari kulipa bei halali wakati jirani yake anauza ya wizi kwa nusu. Mti wenye cheti na usio na cheti, ukishapasuliwa, ni mbao tu. China yenyewe mpaka Julai 2020 ndipo sheria yao ya misitu ilipoanza kukataza mtu kununua mbao anazojua ni za haramu. Mwaka 2020, kaka. Baada ya kila kitu.

---

Matondoni_Yetu:

Nyinyi mnazungumza fanicha. Sisi huku Matondoni mkuku wa jahazi, ule uti wake wa chini, tulikuwa tukiuchagua mtini, fundi anakwenda porini anatazama mti uliopinda anasema huu ni taruma, yaani mbavu ya chombo, ule ni mkuku. Leo unakwenda Mokowe unaletewa mbao zimeshapasuliwa sita kwa mbili, unaambiwa ni mvule wa Kongo, umepita Uganda. Mbichi bado. Unapigilia leo, baada ya miezi mitatu kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, imeachia. Mashua ndogo siku hizi tunaunda kwa mwembe na tunamwomba Mungu.

Kwa hiyo nikisikia Msumbiji na Tanzania wamefunga, sisi hatupati mbao nafuu, tunapata mbao ya mbali zaidi.

---

Bint_Mkomani:

Jamani hiyo Kongo nayo mtaifungulia uzi wake?

---

FundiWaLangoni:

Inshallah. Moja moja.

---

Dalali_wa_Shela:

Mimi swali langu ni la tumbo. Nina mgeni amejenga Shela, anahamia Ulaya na anataka mlango wake wa mbambakofi aende nao, pamoja na kisanduku cha mpingo. Mmoja ananiambia ni CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, nitafungwa, mwingine ananiambia pakia tu. Nani anajua kwa uhakika?

---

Mpiga_Hesabu:

Ndugu dalali, vitenganishe, maana kila mti una tarehe yake na masharti yake.

Mpingo: jamii yote ya Dalbergia imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, orodha ya viumbe wanaouzwa nje kwa kibali, tangu Januari 2017. Kuna msamaha kwa bidhaa iliyokamilika ikiwa uzito wa mbao hiyo haupiti kilo 10 kwa shehena, na ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa baadaye, kwenye mkutano wa Geneva wa 2019. Kisanduku kidogo cha mapambo kinaingia kwenye msamaha. Sanduku la nguo la bibi harusi halitaingia, lipime.

Mbambakofi na mninga: hizi ziliingizwa kwenye mkutano wa Panama wa Novemba 2022, miti yote ya Afrika ya jamii hizo mbili, ikaanza kutumika Februari 2023. Kinachobanwa ni magogo, mbao za kupasuliwa, veneer (mbao nyembamba za kubandika), plaiwudi na mbao zilizorandwa kwa umbo mfululizo, kama za sakafu. Mlango uliokamilika, uliounganishwa na kutiwa nakshi, haumo. Ukiuvunja ukaupakia vipande vipande ili kontena itoshe, afisa ana haki ya kuuona kuwa ni mbao. Usiuvunje.

Na hii inamhusu fundi kuliko wewe: mbao mbichi za mkongo zikivuka Lungalunga kutoka Tanzania zinatakiwa ziwe na kibali cha CITES cha huko zilikotoka. Anayekuletea kwa lori akikuonyesha risiti ya halmashauri peke yake, hiyo haitoshi. Kabla ya kusafirisha chochote nenda ofisi ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, wao ndio wenye kutoa vibali vya CITES hapa Kenya, uwaonyeshe picha za mlango na vipimo vyake, wakuandikie barua. Barua hiyo isafiri pamoja na mzigo, usiiache nyumbani.

---

Dalali_wa_Shela:

Ahsante bwana. Nawapigia kesho asubuhi. Fundi, wewe risiti zako zikoje?

---

FundiWaLangoni:

Njoo karakanani uzione. Kuanzia mzigo wa mwaka jana sipokei mbao ya mkongo bila karatasi, na sasa mnajua bei imepandia wapi.